TUYASIKILIZE MAZUNGUMZO YA MATATU: SOMO LA ISIMUJAMII

Ukiulizwa leo utamaduni wa Kenya ni upi, bila shaka utataja ngoma, mavazi ya jadi na vyakula vya mababu. Hakuna ubaya. Lakini ule utamaduni tunaoupanda kila siku, tukaulipia na kushuka, mbona hatuutaji? Nasema juu ya matatu. Wengi wetu tukiingia garini huziba masikio, ati yale ni makelele ya makanga. Mimi nasema yale makelele ni kitabu. Katika somo hili tutakifungua ukurasa mmoja tu, tuone mazungumzo ya dakika mbili yanavyoweza kutuonyesha pesa, sheria na adabu za jamii nzima.

Mazungumzo yafuatayo nimeyatunga kwa ajili ya somo, lakini yeyote aliyewahi kusubiri gari jijini Nairobi jioni ya mvua atayatambua.

MAZUNGUMZO

(Kituoni. Jioni. Mvua inanyesha.)

MAKANGA: Rongai soo! Rongai soo! Wawili tuondoke! Mathe, ingia usinyeshewe.

MAMA: Shilingi mia? Si asubuhi nimekuja kwa sitini?

MAKANGA: Asubuhi kulikuwa na jua, mathe. Jam si mchezo leo.

MAMA: Kwani mvua inanyeshea gari lako peke yake? Hata sisi inatunyeshea.

MSICHANA: (Akiwa na sare ya shule, anacheka.) Mwambie, shosho!

MAKANGA: Wewe msupa, ingia ama utoke. Usizibe mlango.

MAMA: Huyu ndiye unamwita nani?

MAKANGA: Sasa nimekosa wapi? Si nimemsifu tu?

MAMA: Hujamsifu. Umemwita kwa sura yake. Si unaona ana sare? Na mimi tangu lini nikawa mathe wako?

MAKANGA: Basi nikuite nani?

MAMA: Kwenu, mama aliyekuzaa unamwita nani?

MAKANGA: (Anakaa kimya kidogo.) Mathe.

(Abiria wanaangua kicheko. Mama naye anashindwa kujizuia.)

MAMA: Haya, kama ni hivyo niite. Lakini mtoto wa watu mwache.

MAKANGA: Sawa, mathe. Wewe lete themanini. Siste, songa kidogo uketi. Dere, twende!

MANENO YA KUELEWA

Soo: shilingi mia moja.
Mathe: mama.
Shosho: nyanya, bibi. Limetoka katika lugha ya Kikuyu.
Msupa: msichana mrembo.
Siste: dada.
Dere: dereva.
Jam: msongamano wa magari.

Sasa tuyachambue mazungumzo haya kinaganaga.

1. PESA NDANI YA MANENO

Neno lenyewe "matatu" ni nauli. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba magari haya yalipoanza kazi, nauli ilikuwa senti thelathini, yaani mapeni matatu: sarafu tatu za senti kumi kumi. Senti zile zimepotea na nauli imepanda mara nyingi, lakini jina limebaki. Vijana nao wakalichukua jina hilo, wakalipachika Kiingereza, likawa "mathree". Ona basi: ndani ya neno moja mna bei ya zamani na ujanja wa vijana wa sasa.

Pesa zenyewe pia zina majina ya mtaani. Mia ni soo, ishirini ni mbao. Wakati wa kampeni za uchaguzi mkuu wa 1992, noti ya shilingi mia tano iliitwa "Jirongo", kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeliongoza kundi la vijana la Youth for KANU '92. Pesa nyingi zilimwagwa katika kampeni hizo, na watu wakaibatiza noti ile jina la mtu. Mwanahistoria ataandika kurasa kumi juu ya jambo hili. Mtaa uliliandika kwa neno moja.

Je, na ile nauli iliyotoka sitini ikafika mia? Nauli ya matatu haipangwi na Serikali. Wenye magari na wahudumu huipandisha na kuishusha kulingana na wingi wa abiria. Mvua ikinyesha, watu hutoka kazini kwa wakati mmoja, hakuna anayetaka kutembea, na barabara huziba. Isitoshe, wahudumu wengi hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani kila siku. Kinachobaki baada ya kununua mafuta ndicho chao. Kila dakika gari linaposimama, mfuko wa makanga unapungua.

Hapa ndipo tunapata jibu la swali ambalo watahiniwa wengi hulijibu nusu nusu. Kwa nini lugha ya matatu ina sentensi fupi fupi? Si kwamba makanga hajui kusema sentensi ndefu. Ni kwamba sentensi ndefu inampotezea pesa. "Rongai soo!" haina kitenzi, lakini imetaja gari linakoenda na nauli yake kwa maneno mawili. Mwenye duka atasema, "Karibu mteja, nikusaidie na nini?" kwa sababu duka lake haliendi popote.

2. SHERIA NDANI YA MANENO

Hebu tutazame tena maneno "Wawili tuondoke!" Kwa nini wawili, wala si watano au wote walioko?

Matatu zilianza zikiwa magari ya kuviziana na polisi, hadi mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotangaza ziruhusiwe kubeba abiria wa kulipa bila leseni maalum. Biashara ikanawiri. Lakini pamoja na kunawiri kukaja msongamano: abiria walishonana kama dagaa koponi, na wengine wakaning'inia mlangoni. Ndipo John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, akatangaza kanuni mpya mwaka wa 2003. Zilianza kutekelezwa Februari 2004. Kila abiria awe na kiti na mkanda. Gari liwe na kidhibiti mwendo lisizidi kilomita 80 kwa saa. Gari lichorwe mstari wa manjano. Dereva avae sare ya samawati iliyokoza, na makanga sare ya damu ya mzee.

Tangu hapo viti vikawa na hesabu, na hesabu ikaingia katika mwito wa makanga. Anapoita "wawili" anahesabu viti vilivyobaki. Zipo siku, hasa usiku, ambapo hesabu hiyo husahauliwa makusudi, lakini hata abiria anayenung'unika kwamba kiti kimejaa anajua kuna sheria nyuma yake. Kwa hivyo mwito wa kituoni una alama ya sheria, kama vile sauti ya kengele ilivyo na alama ya ratiba ya shule.

Hata hivyo, kanuni hizo zilibadili shati la makanga. Ulimi wake hazikuugusa. Ulimi hauna mshonaji. Hapo tunafika kwenye jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

3. ADABU NDANI YA MANENO

Wengi tukisoma mazungumzo yale tutakimbilia kusema makanga hana adabu kwa sababu anatumia Sheng. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Lakini hebu tumsikilize yule mama. Alianza kwa kuukataa uitwaji wa "mathe". Alipogundua kwamba ndivyo kijana huyu anavyomwita mama yake mzazi, akakubali. Kwa nini? Kwa sababu neno lile, ingawa ni la Sheng, ni la ukoo. Kijana hakumtupa mama yule mbali. Alimweka pale alipomweka mzazi wake.

Sasa lipime neno "msupa". Hili si neno la ukoo, ni neno la macho. Msichana amevaa sare, ana mkoba wa vitabu, yuaenda nyumbani kusoma. Yote hayo hayakuonekana, ila sura. Halafu tazama makanga alivyojirekebisha. Hakuomba radhi kwa hotuba ndefu. Alisema tu, "Siste, songa kidogo uketi." Yule msupa amekuwa dada. Maneno yote mawili ni ya Sheng, lakini moja linamtazama mtu na jingine linamkaribisha.

Kwa hivyo adabu haiko katika kuchagua kati ya Kiswahili sanifu na Sheng. Mtu anaweza kumtukana mwenzake kwa Kiswahili sanifu chenye upatanisho kamili wa kisarufi. Adabu iko katika namna neno linavyomweka mwenzako.

Msidhani haya ni mambo madogo ya kuchekea. Mnamo Novemba 2014, mwanamke mmoja alivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha matatu jijini Nairobi, wakidai kwamba vazi lake halikuwa la heshima. Kanda ya video ilienea nchini. Tarehe 17 mwezi huo watu waliandamana jijini kupinga unyama huo. Desemba 2014 Kanuni ya Adhabu ilirekebishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu hadharani kukawekewa kifungo kisichopungua miaka 10. Sheria iliushika mkono. Lakini mkono hautangulii. Hutanguliwa na ulimi. Mtu aliyezoea kuitwa kwa sura yake, kwa vazi lake au kwa kiungo chake cha mwili, machoni pa anayemwita keshakuwa kitu. Kitu hakiulizwi. Na waliopo kituoni wakicheka, mwenye ulimi hujiona ameshinda.

Yule mama wa mazungumzo yetu hakupiga kelele wala kuita polisi. Aliuliza swali moja tu: "Huyu ndiye unamwita nani?" Je, sisi tulio na sare tungeuliza, ama tungetazama dirishani?

4. MTIHANINI

Ukiulizwa sifa za sajili ya matatu, usiandike "lugha chafu" kisha ukaweka nukta. Taja sifa, toa mfano, eleza sababu yake:

(a) Sentensi fupi na zisizokamilika: "Rongai soo!" Muda ni pesa.
(b) Takriri: mwito hurudiwa ili mpita njia asikie katikati ya makelele.
(c) Kuchanganya ndimi: "Jam si mchezo leo." Abiria ni wa makabila na tabaka mbalimbali.
(d) Msamiati maalum: dere, soo.
(e) Lugha ya kushawishi: "ingia usinyeshewe." Makanga anauza viti.
(f) Majibizano na ucheshi: nauli hujadiliwa. Mama alilipa themanini!

MAZOEZI

1. "Msee" ni neno la Sheng linalotokana na "mzee", na sasa humaanisha mtu yeyote, hata kijana. Je, heshima imepungua au imegawiwa wote? Jadili.

2. Sikiliza mazungumzo ya dakika mbili kwa kinyozi, sokoni au dukani. Yaandike bila kutaja jina la mtu. Tafuta neno moja la pesa, moja la sheria na moja la adabu.

3. Andika majina matatu unayowaitia wanafunzi wenzako. Ni lipi linalomweka mwenzako karibu, na ni lipi linalomfanya kitu cha kutazamwa?

Swali la tatu usilifanye kwa ajili ya alama. Lifanye ukiwa peke yako, bila kalamu nyekundu ya mwalimu. Wahenga walinena, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole la mguu hupona kwa siku chache, na ulimi hujeruhi mtu mwingine.

Tukutane kituoni. Nami nikikuita vibaya, niulize.