Utata wa Istilahi "Kiendeshi cha Diski" na Athari Zake katika Urekebishaji wa Kerneli ya Linux

1.0 Utangulizi

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulihusu zaidi maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye skrini. Makala haya yanachunguza istilahi ya ndani ya mfumo, yaani "kiendeshi", na kuonyesha namna utata wake unavyoweza kumpotosha fundi.

2.0 Tatizo

Kiingereza hutenganisha draivu, ambayo ni kifaa, na draiva, ambayo ni programu inayoiwezesha kerneli kuwasiliana na kifaa hicho. Nomino "kiendeshi", itokanayo na kitenzi "endesha", yaweza kubeba dhana zote mbili. Hivyo, sentensi "kiendeshi cha diski hakipatikani" ina maana mbili.

Chukulia fundi wa shule mjini Singida aliyejiundia kerneli. Kompyuta inapowashwa, kerneli inakwama kwa kushindwa kupachika mfumo mkuu wa mafaili. Fundi akiambiwa sentensi hiyo na kuifasiri kwa maana ya kifaa, ataagiza diski mpya kutoka Dar es Salaam, takriban kilomita 700. Akiifasiri kwa maana ya programu, atarejea kwenye mipangilio ya kerneli.

Aghalabu diski huwa nzima. Kiendeshi kimeundwa kama moduli, na moduli hiyo imehifadhiwa katika diski ileile ambayo kerneli haijaweza kuisoma: ufunguo umefungiwa sandukuni. Fundi akiwasha kompyuta kwa kerneli ya awali na diski ikasomeka, kosa si la kifaa. Amri lspci -k itamwonyesha kiendeshi kinachotumika, kwa mfano ahci kwa diski nyingi za SATA. Kiendeshi hicho na mfumo wa mafaili, kama vile ext4, vijengwe ndani ya kerneli yenyewe, au moduli zake zitiwe katika initramfs.

3.0 Uchambuzi

Kiambishi tamati -i huunda nomino za mtenda, kama vile "kiongozi" na "mwandishi". Katika muktadha huu mtenda ni programu. Kifaa ni mtendwa. Kwa hiyo "kiendeshi" kinaistahili programu, nacho kifaa kinatoshelezwa na "diski". Yaweza kupingwa kuwa sidi hutoka katika kifaa chake, hivyo jina moja halitoshi. Hapo "kifaa cha kusomea sidi" kinafaa bila kurudisha utata.

4.0 Hitimisho

Istilahi ya ufundi haina budi kupimwa pia kwa uamuzi inaomwelekeza mtumiaji wake kuuchukua. Istilahi isiyomwezesha fundi kutofautisha chuma na programu humgharimu nauli, fedha na muda, hata kama imefuata kanuni zote za unyambulishaji.