SOMO: KIBUYU CHA MURSIK NA TUMBO LA NDAMA

Somo letu leo ni tumbo la mnyama. Kuhara ni kati ya magonjwa yanayoua ndama wengi zaidi kabla hawajaachishwa maziwa, na siku hizi ukiingia agroveti utaonyeshwa pakiti na chupa za kila namna zinazosemekana kutengeneza tumbo. Zinaitwa probiotiki, maana yake ni vijidudu hai walio wazuri kwa mwili. Watu wanatuuliza: je, zinafaa, au ni kupoteza pesa ya majani chai?

Tuanzie jikoni, kwa kitu ambacho kila mama hapa kwetu anakijua. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe, unayamimina katika sotet iliyosuguliwa kwa mkaa wa senetwet, unafunika na kungoja. Baada ya siku kadhaa yameganda, mursik iko tayari. Nani amefanya kazi hiyo? Si mkaa. Ni bakteria wadogo wasioonekana kwa macho. Wamekula sukari iliyomo ndani ya maziwa wakatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo uchachu tunaoupenda. Ndiyo pia inayowazuia vijidudu wabaya wasizaane humo.

Sasa kuna jambo ambalo akina mama wengi wamekutana nalo. Ng'ombe amedungwa dawa ya ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yakatiwa kibuyuni kabla siku za kungoja hazijaisha, na yakakataa kuganda. Mtu analaumu kibuyu. Kibuyu hakina kosa! Antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, imepita kwenye maziwa, nayo haichagui huyu ni mwema na huyu ni mbaya. Hivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya tumbo la ndama anayenyweshwa maziwa yale "kwa sababu hayauziki". Tukishika hili, mengine yote ya somo yatakuwa rahisi.

Ng'ombe mzima ana tumbo kubwa la kwanza linaloweza kubeba zaidi ya lita 100. Humo ndimo nepia inamochachushwa, kama katika kibuyu kikubwa sana. Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya nyuzi za majani. Vijidudu ndio wanaoweza. Kwa hiyo tunapomlisha ng'ombe, kwanza tunawalisha wao. Ndama naye huzaliwa akiwa karibu hana vijidudu hao kabisa. Huwapata kwa mama yake, kwa chuchu, kwa majani na kwa sakafu anayolalia. Sakafu ikiwa ni mavi na mkojo, basi wa kwanza kuhamia tumboni ni maadui.

Probiotiki ya kwanza kuifikiria haiuzwi dukani. Ni dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Ndama wa ng'ombe hapati kinga yoyote ya maana kupitia damu ya mama akiwa tumboni. Yote inakuja kwa dang'a, na mlango wa utumbo unaoipitisha kinga hiyo hufungwa katika muda wa kama saa 24. Mpe ndama wa kilo 40 lita 2 mapema iwezekanavyo, isizidi saa 6, na lita 2 nyingine kabla ya saa 12 kwisha. Usiku ni usiku, lakini amka. Dang'a isichemshwe, kwa maana moto unaharibu kinga.

Ng'ombe wa gredi hutoa dang'a nyingi kuliko ndama anavyoweza kunywa, na maziwa ya siku hizo za kwanza hayapokelewi yanakouzwa. Wengi humwagia mbwa. Hapa ndipo ujuzi wa mursik unaingia kwenye zizi. Weka dang'a iliyobaki katika ndoo safi ya plastiki yenye kifuniko, mahali penye kivuli. Usitumie ndoo ya mabati, asidi itakula madini yake. Ukipenda kuharakisha, tia kikombe cha maziwa lala mazuri. Koroga kila siku. Katika baridi yetu hii itaganda pole pole na kukaa wiki mbili au zaidi. Ikitoa harufu ya kuoza au ikiota ukungu, mwaga. Unapomlisha ndama, changanya sehemu 2 za dang'a chachu na sehemu 1 ya maji ya vuguvugu. Siku za kwanza atakunja pua, kwa hiyo anza na kidogo. Njia hii imefundishwa na wataalamu wa ng'ombe wa maziwa katika nchi nyingi tangu miaka ya 1970. Inampa ndama chakula na inakuachia maziwa ya kuuza. Sharti ni moja: ng'ombe asiwe ametibiwa kwa antibiotiki. Ile dawa ya kiwele inayowekwa wakati wa kumkausha nayo huhesabiwa, kwa hiyo soma siku zilizoandikwa kwenye pakiti.

Na zile za agroveti? Nyingi ni bakteria wa jamii ile ile ya maziwa yaliyoganda, au hamira hai. Hamira husaidia tumbo kubwa la ng'ombe kutulia na kumeng'enya nyuzi, hasa kwa anayelishwa unga mwingi. Lakini faida yake ni ya wastani. Kwa ndama, husaidia zaidi pale penye misukosuko, kama safari au uchafu. Ndama mzima katika banda safi huongezewa kidogo tu. Maoni yetu ni haya: kama pesa ni kidogo, nunua kwanza chumvi ya mifugo na ndoo ya ndama peke yake. Ukinunua probiotiki, tazama tarehe ya mwisho, usiiweke juani wala kwenye maji ya moto. Ni viumbe hai, vinakufa.

Jambo jingine linatokea hapa kila mwaka. Bonasi ya chai imeingia, mtu ananunua ng'ombe mzuri kutoka mbali, anashuka kwenye loli, na jioni hiyo hiyo anawekewa karai la unga na pumba za mahindi ili "aonyeshe maziwa". Vijidudu wake walizoea nyasi. Wanaochachua wanga wanazaana ghafla, asidi inajaa, ng'ombe anaacha kucheua, mavi yanakuwa kama uji. Anaweza kufa. Chakula kigeni kiongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, majani yakitangulia unga. Magadi kidogo hupunguza asidi, lakini yana floridi nyingi, yasiwe ya kila siku. Na tafadhali, majani ya senetwet yasilishwe mifugo kama dawa ya tumbo. Mkaa wake wa kibuyuni ni jambo moja. Majani yenyewe yanaharisha vikali.

Ndama akishahara, usikimbilie sindano. Kinachomuua haraka ni kukaukiwa maji. Finya ngozi ya shingo: ikichelewa kurudi, na macho yamezama, ana hatari. Mpe maji yenye chumvi maalum ya ndama kutoka agroveti, lita 2 mara mbili au tatu kwa siku, katikati ya nyakati za maziwa, na maziwa usiyakatize. Sukari ya mezani haimfai, kwa kuwa utumbo wa ndama mchanga hauwezi kuimeng'enya, glukosi inamfaa. Akiwa na homa, damu kwenye mavi, au akishindwa kusimama, mwite dakitari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa kuku, mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga wakipewa vijidudu kutoka utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, wanakuwa wagumu kushikwa na salmonela. Kifaranga wa kienyeji huvipata kwa kutembea na mama yake. Yule wa kutoka kwenye mashine hana mama, kwa hiyo ndiye probiotiki inamfaa siku za kwanza. Kitunguu saumu na aloe kwenye maji hatuvipingi, ila havizuii kideri. Chanjo ndiyo inayozuia.

Zamani wafugaji wa nchi nyingi walitia antibiotiki kwenye chakula ili mifugo wanenepe. Sweden ilikataza mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote kuanzia Januari 1, 2006, kwa kuwa bakteria walizidi kuzoea dawa, na dawa hizo ndizo tunazotegemea watoto wetu wanapougua.

Ya kujadiliana kikundini: Mwaka uliopita tulipoteza ndama wangapi, na walikuwa na umri wa siku ngapi? Dang'a iliyobaki ilienda wapi? Na ni nani kati yetu aliyewahi kuona maziwa yaliyokataa kuganda, naye alifanya nini nayo?