Mteja Mkubwa Akikuuliza Kuhusu Mazingira, Utamwonyesha Nini?

Tuseme una bekari Thika na kila asubuhi unapelekea supamaketi mikate. Siku moja wanakutumia fomu: Unatumia stima kiasi gani kwa mwezi? Unaoka kwa kuni ama gesi? Wafanyakazi unawalipaje? Taka zinaenda wapi? Ni rahisi kuiweka kando ukisema ni usumbufu tu. Lakini fomu hiyo inaweza kuamua kama utaendelea kuwauzia ama nafasi yako itapewa mwingine.

Kwa nini wanauliza?

Kampuni kubwa zinazidi kutakiwa kueleza hadharani jinsi biashara zao zinavyogusa watu na mazingira. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa ripoti hizi mwaka 2021. Mwaka 2023, bodi ya kimataifa ya ISSB ikatoa viwango viwili, IFRS S1 na IFRS S2. Hicho cha pili kinahusu tabianchi, na hakiishii mlangoni mwa kampuni: kinahesabu pia gesi chafu inayotokana na bidhaa inazonunua. Kwa hivyo moshi wa oveni yako uko kwenye hesabu yao. Kulingana na mpango wa taasisi ya wahasibu nchini, ICPAK, viwango hivi vitaanza kuwa lazima mwaka 2027 kwa taasisi kama benki na kampuni zilizo kwenye soko la hisa. Wengine watafuata.

Msaada si ripoti

Kupanda miti au kupeleka unga kwa makao ya watoto ni jambo jema, lakini hiyo ni hisani. Ripoti inataka kujua unavyopata pesa, si unavyotoa kidogo baadaye.

Anza na rekodi zilizo kwa simu yako

1. *Stima:* Ujumbe wa tokeni huonyesha yuniti ulizonunua. Zijumlishe kila mwisho wa mwezi.
2. *Mishahara:* Lipa kwa simu kutoka laini ya biashara. Tarehe na kiasi vitabaki kwenye taarifa ya malipo.
3. *Gesi, kuni na mafuta ya gari:* Lipia kwa simu, kisha uandike kilo au lita. Taarifa ya malipo huonyesha pesa pekee, na bei hupanda na kushuka.
4. *Taka:* Weka rekodi ya malipo ya anayezizoa, na uandike anazipeleka wapi.

Usichanganye laini ya biashara na ya nyumbani. Ukichanganya, karo ya shule na unga wa bekari vitakuwa kitu kimoja, na hutaweza kuvitenganisha.

Chunga maneno matamu

Usijaze “tunajali mazingira” mahali wanapotaka namba. Kama bado hujapima, sema hujapima na utaje mwezi utakaoanza. Namba ya kubuni ikigunduliwa, umeharibu ripoti ya mteja wako na jina lako pia.

Mwisho wa mwezi huu, pakua taarifa yako ya malipo na uweke alama kwa stima, mishahara, mafuta na taka. Fomu ikifika, majibu mengi utakuwa nayo tayari.