Vyuma vya mgongo vinapoleta shida baadaye

SWALI: Binti yangu wa miaka 16 aliwekewa vyuma miaka mitatu iliyopita kunyoosha uti wa mgongo. Sasa mgongo unamuuma na kovu linatoa majimaji, ila homa hana. Je, vyuma vitolewe?

JIBU: Mama, usisubiri homa. Kovu la zamani likitoa majimaji, tunalichukulia kuwa na maambukizi hadi vipimo vikatae. Bakteria wa ngozi kama Cutibacterium acnes hukua taratibu, wakijikinga ndani ya utando juu ya chuma, na huweza kujitokeza baada ya miaka. Usimpe antibiotiki za dukani. Hazitawamaliza, na zinaweza kuwaficha maabara isiwaone.

Mrudishe kwa daktari wa mifupa. Atapima damu na kupiga eksirei, kwani huenda pia mifupa haikuungana. Kazi ya chuma ni kushikilia mgongo mpaka mifupa iungane. Isipoungana, skrubu hulegea au fito hukatika, kama waya unaokunjwa kila siku.

Ikithibitika ni maambukizi na mifupa imeshaungana, kwa kawaida vyuma hutolewa, kidonda husafishwa na dawa hufuata kwa wiki kadhaa. Sampuli zinazochukuliwa wakati huo zioteshwe maabara hadi siku 14, kwa kuwa bakteria hawa hukua taratibu. Mgongo unaweza kupinda tena, hivyo aendelee kufuatiliwa. Vyuma visivyo na shida huachwa humo humo.

Miguu ikilegea, ikifa ganzi, au mkojo ukimtoka bila kujua, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.