SOMO LA TAWI: KUNYOA KICHWA KWA AJILI YA WATOTO WENYE KANSA



Katika nchi nyingine watu hunyoa vichwa mbele ya watu ili kuchanga fedha za uchunguzi wa kansa ya watoto. Jambo hili likiletwa kwenye mkutano wa tawi hapa Busia au Tororo, wengine watacheka na wengine watakasirika. Kabla ya kunyoosha mikono kupiga kura, inafaa tulielewe vizuri. Someni somo hili kwa sauti wakati wa mapumziko, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Jambo hili lilianzia wapi?

Tarehe 17 Machi 2000, wafanyabiashara wa bima katika mji wa New York, Marekani, walikubaliana kunyolewa mbele ya rafiki zao. Kila aliyenyolewa alikuwa na watu walioahidi kutoa fedha. Walitarajia dola 17,000, wakapata zaidi ya dola 100,000. Kutokana na siku hiyo kukazaliwa shirika la St. Baldrick's, ambalo hutoa fedha kwa madaktari wanaochunguza kansa ya watoto. Afrika ya Kusini nako, chama cha kupambana na kansa kiitwacho CANSA huwa na siku zake za kunyoa.

Kwa nini nywele? Dawa za kansa huua chembe za mwili zinazozaana upesi, kwa sababu ndivyo kansa ilivyo. Lakini chembe za mizizi ya nywele nazo huzaana upesi, basi nazo hupigwa. Mtoto hubaki kipara. Dawa zikikoma, nywele huota tena. Mtu mzima anyoapo humwambia mtoto huyo kwamba hayuko peke yake.

Jambo hili wazazi wote walijue. Wako wanaoona nywele za mtoto zikidondoka wakadhani dawa inamuua, wakamtorosha hospitalini na kumpeleka kwa mganga. Mtoto aliyekuwa njiani kupona hufa kwa sababu hiyo.

2. Kwetu wembe una maana yake

Kwa Waluhya, Waluo na majirani wengi wa mpaka huu, kunyoa kichwa ni jambo la msiba. Baada ya maziko, wafiwa hunyolewa. Sasa fikirini mama aliyekaa na mtoto wake wodini. Anaona wanaume thelathini wa kiwandani wakiingia langoni na vipara vipya. Atafikiri nini? Atadhani wamekwisha kumlilia mtoto wake angali hai.

Hii si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kueleza kwanza. Tena wembe kwetu haukuwa wa msiba peke yake. Ndugu zetu Waislamu, mtoto akifika siku ya saba, humnyoa nywele, huzipima uzito, na fedha ya uzito huo hutolewa sadaka kwa maskini. Kumbe kuunganisha nywele na sadaka kwa ajili ya uhai wa mtoto hakukutoka New York. Kulikuwapo hapa zamani.

Kwa hiyo: wazee waulizwe, familia yenye mgonjwa iulizwe, na kazi ifanyike kwenye uwanja wa tawi. Isifanyike katika wodi.

3. Uchunguzi uliofanyika kwetu

Wengine husema, "Uchunguzi ni mambo ya Wazungu, sisi tunataka dawa." Tutazame historia.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe mkubwa kila upande wa taya. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine mwenye uso kama ule ule. Akaanza kuuliza. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, na leo dunia nzima huuita kwa jina lake, kansa ya Burkitt.

Hakuwa na maabara kubwa. Alituma picha za wagonjwa katika hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: mmeona watoto kama hawa? Kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri kama maili 10,000 kwa wiki kumi hivi, kupitia Afrika Mashariki mpaka kusini. Waliona kwamba ugonjwa uko kwenye joto na mvua nyingi, na kwamba milimani kwenye baridi haupo. Yaani ulifuata nchi zenye malaria.

Mwaka huo huo wa 1961, tarehe 22 Machi, Burkitt alizungumza London. Mchunguzi mmoja, Anthony Epstein, alimsikiliza akaomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Vilipelekwa kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliona kirusi ndani ya chembe hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu. Ndugu, kirusi hicho kilipatikana katika mwili wa watoto wa kwetu.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu kansa hii kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Hapo madaktari walionyesha kwamba dawa peke yake, bila kisu, inaweza kuponya mtoto. Mwaka 1972 Burkitt, John Ziegler aliyeongoza kituo hicho, Anomah Ngu wa Kamerun na Joseph Burchenal wa Marekani walipewa tuzo kubwa ya Lasker. Miaka ya Amin, wageni walipoondoka, Daktari Charles Olweny, Mganda, aliushika usukani na kazi ikaendelea.

Basi uchunguzi si mali ya wengine. Watoto wetu walitoa miili yao. Deni lililobaki ni kwamba faida yake iwafikie watoto wa hapa.

4. Malaria na kansa hii

Kirusi cha Epstein na Barr huingia kwa mate, na hapa kwetu karibu kila mtoto hukipata angali mdogo. Wengi hakiwadhuru. Lakini malaria inayorudi rudi huchosha askari wa mwili na kuzisukuma chembe fulani za damu zizaane bila kupumzika. Katika kuzaana huko, kosa linaweza kutokea, na kosa hilo ndilo kansa. Kansa yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa asitengwe, wala asinyimwe kucheza na wenzake.

Sasa mjue tunakaa wapi. Mwaka 2001 na 2002 wachunguzi walikadiria kwamba mkaaji wa Tororo aliumwa mara 562 kwa mwaka na mbu wenye malaria. Nyumba zilipoanza kunyunyiziwa dawa mwishoni mwa 2014, malaria ilishuka sana. Kuanzia 2020 ilipanda tena. Kazi ya kinga haina likizo. Chandarua kitumike kila usiku. Chanjo ya malaria nayo ipo: Busia ya Kenya ilikuwa kati ya wilaya za mwanzo kuipata tangu 2019, na Uganda ilianza kuitoa Aprili 2025. Mzazi ampeleke mtoto.

5. Fedha ziende wapi?

Hapa ndipo pana ubishi wa kweli. Mwenzetu mmoja atasema: "Mama hana nauli ya kwenda Kampala, ninyi mnachangia darubini?" Ana haki. Kutoka Tororo mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na matibabu huchukua miezi. Kibarua anayelipwa kwa siku, kila siku ya hospitali ni siku ya njaa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika 100 wenye kansa hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30. Tofauti hiyo haikuletwa na kukosa elimu ya dawa tu. Imeletwa na kuchelewa, kukosa dawa, na kuacha matibabu katikati kwa sababu ya umaskini. Basi nauli ni sehemu ya dawa. Na uchunguzi unaofanyika hapa hapa, na madaktari wetu, ndio unaotuambia ni watoto gani wanaoacha matibabu na kwa nini.

Ushauri wangu: tawi ligawe fungu mara mbili, moja la nauli na chakula cha wazazi, jingine la hospitali ya hapa Afrika Mashariki inayotibu na kuchunguza. Mgawo ukubaliwe KABLA ya wembe kushikwa, uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

6. Kanuni za kazi

(a) Hakuna kulazimishwa. Mnyapara asimwamuru mtu kunyoa. Asiyenyoa asichekwe. Wanawake wanaweza kuahidi fedha, au kunyoa wakipenda.
(b) Hakuna kukata mshahara bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi.
(c) Wembe mpya kwa kila kichwa. Mashine isafishwe kwa dawa kila mara. Ukimwi na homa ya ini hupitia katika damu.
(d) Kila shilingi iandikiwe risiti. Watu watatu wahesabu, mweka hazina atie sahihi, na hesabu ibandikwe ukutani kabla ya wiki kwisha.
(e) Mkitaka kuchangisha sokoni au barabarani, ulizeni kwanza kibali serikalini.
(f) Picha ya mtoto mgonjwa isitumiwe bila ruhusa ya mzazi.

Mfano wa hesabu: wafanyakazi 8 wanyoe. Kila mmoja apate waahidi 10 kutoka kazini, kanisani, msikitini na sokoni. Kila mwahidi atoe shilingi 50 za Kenya. 8 mara 10 mara 50 ni shilingi 4,000. Zamu tano zikifanya hivyo ni shilingi 20,000.

7. Kunyoa hakutoshi

Nywele huota baada ya wiki chache, na haki za mfanyakazi hubaki pale pale kama hatukuzidai. Katika mkataba wa pamoja unaofuata, tudai siku za ruhusa kwa mzazi mwenye mtoto hospitalini, na kibarua asipoteze kazi kwa sababu hiyo. Upande wa Kenya, tangu Oktoba 2024 mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya SHA. Mjumbe ahakikishe mwajiri anazipeleka fedha hizo. Mtoto akiugua ndipo watu hugundua hazikupelekwa.

8. Dalili za kukariri

Uvimbe wa taya au meno kulegea bila sababu. Jicho kutokeza nje. Mboni ya jicho kung'aa nyeupe. Tumbo kuvimba au kuwa na donge. Homa isiyoisha, damu kupungua, mwili kuvilia damu bila kupigwa. Kansa ya Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Usingoje mwisho wa mwezi. Nenda hospitali ya wilaya, uombe barua ya rufaa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kabila lako, kunyoa kichwa kuna maana gani? Utamwelezaje mama mwenye mtoto mgonjwa?
2. Kwa nini nauli imeitwa sehemu ya dawa?
3. Tawi lenu lingegawaje fungu, na nani atahesabu?
4. Kazini kwenu, mzazi akiomba siku tatu za kumpeleka mtoto hospitali, anajibiwa nini? Andikeni majibu mlete kwenye mkutano.

Mtoto wa mfanyakazi mmoja ni mtoto wa tawi zima.

UMOJA NI NGUVU.