SOMO: VIROBOTO WA MAJI, CHAKULA CHA VIFARANGA WA KAMBARE

Kikundi chaweza kuchanga pesa, kikachimba bwawa na kutotolesha kambare, halafu vifaranga wakafa karibu wote kabla ya juma la pili. Wengine husema ni mkosi. Mara nyingi ni njaa tu.

Siku 3 hivi za mwanzo kifaranga huishi kwa kiini cha yai alicho nacho tumboni. Kikiisha, anataka kitu kidogo chenye uhai. Pumba nyingi hutuama chini na kuozesha maji, na chakula cha makopo cha kutoka ng'ambo ni ghali. Lakini viroboto wa maji wako vidimbwini bure. Hawa hawaumi mtu. Ni jamaa za kamba na kaa, wadogo kama chembe za mchanga, nao hurukaruka majini.

JINSI YA KUWAFUGA

1. Tafuteni pipa safi la lita 200, lisilowahi kutiwa dawa. Liwekeni penye jua la nusu siku. Tieni maji matamu. Maji ya chumvichumvi ya visima vya karibu na ufuo hayafai. Maji ya mfereji yakae wazi siku 2 kwanza.

2. Fungeni konzi 2 za samadi kavu ya kuku kwenye kitambaa, mning'inize ndani. Baada ya juma hivi maji yatakuwa kijani. Hicho ndicho chakula cha viroboto.

3. Choteni mbegu kidimbwini kwa kikombe kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Msiingie majini, manake kichocho hupenya ngozini, na sisi watu wa Msambweni twakijua. Ondoeni konokono wote, maji yakae siku 2 kabla ya kuyashika.

4. Wakishajaa, kila asubuhi vueni robo yao tu. Waliobaki watazaana upesi. Vifaranga wapewe kwanza wale wadogo kabisa.

5. Maji yakinuka, toeni samadi, mpunguze maji na kuongeza mapya.

HADHARI: NETI YA MBU

Msichuje wala kufunika pipa kwa neti ya mbu, hata ikiwa kuukuu. Neti tunazogawiwa zimetiwa dawa, nayo huua viroboto wa maji na samaki pia. Chujeni kwa leso kuukuu iliyosuuzwa sabuni yote ikatoka. Pipa lifunikwe kwa kitambaa chepesi kipitishacho mwanga, mbu wasije wakazalia humo.

Baada ya majuma 2 hivi, anzeni kuwazoesha vifaranga chakula cha unga, kidogo kidogo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Maji yetu ni matamu au yana chumvi?
2. Nani atalitazama pipa kila asubuhi, na akisafiri, nani atashika zamu yake?
3. Watoto wetu huchezea kidimbwi gani, na tutawakinga vipi na kichocho?