Kompyuta ya Linux inayojisomea kwa sauti

Asiyeona wa Geita au Kahama hana haja ya kununua leseni ya kisoma skrini. Debian, aina mojawapo ya Linux, ni ya bure, tena ataisakinisha mwenyewe: chomeka flashi yenye mfumo, washa kompyuta, subiri mlio wa menyu, bonyeza S kisha Enter. Hatua zinazofuata husomwa kwa sauti, kwa hiyo chomeka hedifoni mapema.

Ikiwa Linux ya Ubuntu tayari imo, bonyeza kwa pamoja Alt, kitufe chenye nembo ya Windows, na S. Kisoma skrini chake, Orca, kitaanza kusoma.

Kiswahili je? Kisanisi cha sauti cha eSpeak NG kinacho. Sakinisha kwa "sudo apt install espeak-ng", kisha jaribu: espeak-ng -v sw "Habari za Shinyanga". Sauti ni ya kibati, tusidanganyane, lakini matamshi yanaeleweka, programu ni nyepesi na haili bando ukishaiweka. Sauti hiyo na kasi yake huchaguliwa katika mipangilio ya Orca: bonyeza Insert pamoja na kitufe cha nafasi. Anza polepole; sikio likizoea, utaongeza mwenyewe.

Mashine kuukuu isiyomudu madirisha na picha itumie maandishi matupu pamoja na espeakup, inayoyasoma kwa sauti.

Wenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wenye ualbino kama wale wa shule ya Buhangija, Shinyanga, huenda wakahitaji ukuzaji wa skrini kwanza: kwenye Ubuntu, Alt, kitufe cha Windows na 8.